Barua ya wazi kwa wapanga ratiba: saa 11 jioni iondoke Dar es Salaam

Kwa Bodi ya Ligi, shirikisho la soka (TFF), wizara yenye dhamana ya michezo na mameneja wa viwanja vya Dar es Salaam

YAH: SAA YA KUANZA MCHEZO

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaowaandikia ni watu ambao kazi zetu ziko pembeni ya mstari mweupe: makocha wa viungo, waamuzi, mafundi wa taa, watunza nyasi na wasimamizi wa milango. Barua hii haina timu (kila mmoja ana yake nyumbani, tusidanganyane). Ina ombi moja. Saa ya kuanza mchezo ipangwe mwezi kwa mwezi, kwa kufuata jua, adhana na usafiri wa jiji hili, isiwe nafasi inayobaki baada ya mengine yote kupangwa. Na katika saa zote zinazotumika, ya kwanza kufutwa iwe saa 11 jioni.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo peke yake lisilokuja kikaoni.

Imezoeleka kusema kwamba huku kwetu jua halibadiliki mwaka mzima. Hubadilika, tena kwa kiasi kinachoonekana uwanjani. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa longitudo 45, nasi tuko kwenye 39 na kidogo, kwa hiyo jua la utosini hapa hufika wastani wa saa 6 na dakika 23 mchana. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, saa 6:07. Katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6:37. Machweo nayo husogea: Mei jua huzama saa 12:12 jioni hivi, mwanzoni mwa Februari linangoja hadi saa 12:48. Kipyenga cha saa 10 jioni kikipulizwa Februari, jua liko nyuzi 40 juu ya upeo wa macho. Kipyenga hichohicho kikipulizwa mwishoni mwa Juni, jua liko chini ya nyuzi 30, upepo wa kusi unavuma na joto la hewa limeshuka. Kwenye ratiba saa hizo mbili zimeandikwa namba moja. Kwa mchezaji ni mechi mbili tofauti.

Hilo la joto lina kipimo chake, na kipimo hicho si kile kilicho kwenye simu. Simu hutoa joto la hewa kivulini. Kinachohitajika uwanjani ni kipimo cha WBGT, ambacho huchukua asilimia 70 ya joto la kipimajoto chenye utambi wa maji, asilimia 20 ya joto la tufe jeusi lililoachwa juani na asilimia 10 ya joto la hewa. Chukulia alasiri ya Februari yenye hewa ya nyuzi 32, utambi ukisoma 27 na tufe jeusi 45. Jumla yake ni 31.1. Usiku wa siku hiyohiyo, hewa ikiwa 28, tufe 28 na utambi 25.5, jumla ni 26.2 hivi. Hewa imeshuka nyuzi 4 tu, lakini mzigo juu ya mwili umeshuka karibu 5, kwa sababu jua limeondoka kwenye hesabu. FIFA huweka mapumziko ya kupoza mwili kipimo kikifika 32, kwa kawaida karibu na dakika ya 30 na ya 75. Sheria ya 7 ya mchezo inayaruhusu kwa sekunde 90 hadi dakika 3, na inayatenganisha na yale ya kunywa maji tu, ambayo hayapaswi kuzidi dakika 1. Alasiri ya mawingu machache Dar es Salaam husimama pale pale mpakani. Mwamuzi asiye na kifaa hukisia. Akikisia vibaya upande mmoja, anakata mchezo uliokuwa umechangamka bila sababu. Akikosea upande wa pili, anaacha watu 22 wakipikwa.

Kifaa kiwekwe katikati ya uwanja, mita 1 kutoka ardhini, juani, mbali na kivuli cha jukwaa, na kiachwe nusu saa kabla ya kusomwa, kwani tufe jeusi huchelewa kupata joto lake. Kosa la kawaida ni kukisomea kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kingine ni kuacha utambi ukauke, ambapo kipimo chote hugeuka uongo.

Kwa nini joto linawahusu nyinyi mnaouza msisimko? Kwa sababu mchezaji mwenye akili hujiwekea akiba. Mbio za kasi hupungua, pasi za kwenda kando na za kurudi nyuma huongezeka, mabeki wa pembeni hawapandi tena baada ya dakika ya 60. Mpira unaonekana umetulia, mtangazaji anausifu kuwa wa kiufundi, jukwaa linapiga miayo. Kwenye nyasi bandia ni zaidi, maana zulia lililopigwa na jua la mchana hupita nyuzi 50, na maji yakimwagwa hulipoza kwa muda mfupi tu, kisha yanapanda kama mvuke usoni mwa wachezaji.

Tunajua jibu litakaloletwa: jua la saa 10 ni mchezaji wetu wa 12. Simba iliifunga Al Ahly 1-0 Februari 12, 2019, ikaifunga tena 1-0 Februari 23, 2021, zote kwenye Uwanja wa Mkapa, zote alasiri. Sawa. Kwa mgeni aliyetoka kwenye baridi ya Cairo juzi, saa 10 ya Februari ni silaha halali na hatuwaombi muiweke chini. Ila ligi ya ndani haina mgeni wa Cairo. Timu zote mbili zimezoea joto lilelile, zinachoka sawasawa, na anayepoteza ni aliyelipa kiingilio.

Sasa saa 11 jioni. Wengi huipenda kwa sababu inaonekana ni suluhu: jua limepungua, taa hazijaanza kula umeme, watu wametoka kazini. Kwenye karatasi ni tamu. Uwanjani ndiyo saa mbaya kuliko zote, na sababu ni za hesabu.

Mchezo ukianza saa 11:00, dakika za mwisho za kipindi cha kwanza huchezwa kati ya saa 11:30 na 11:48. Hapo jua limeshuka chini ya nyuzi 20 karibu mwaka mzima, na Juni na Oktoba liko nyuzi 10 tu. Paa la jukwaa halisaidii tena, kwa sababu jua linaingia chini yake. Anayekaa upande wa mashariki wa uwanja wowote anatazama moja kwa moja ndani ya jua, mkono mmoja ameuweka kwenye paji la uso. Mkono uliozuia jua haupigi makofi. Kipa naye huhangaika na krosi zinazotoka upande wa magharibi. Nahodha anayeshinda shilingi siku hizi ana haki ya kuchagua goli la kushambulia, na nahodha makini huitumia haki hiyo kumpa kipa wa wenzake jua. Hilo ni soka, hatulalamiki. Tunachosema ni kwamba bao la jua si bao la kumrusha mtu kwenye kiti, watu huangaliana kwanza kuulizana kama limeingia.

Kipindi cha pili kinaanza saa 12:03. Kuanzia Mei hadi Novemba jua linazama kati ya saa 12:12 na 12:30, kwa hiyo dakika ya 55 hadi ya 75 huchezwa kwenye mwangaza unaokufa haraka. Huku kwetu giza haliji polepole kama Ulaya. Dakika 20 baada ya machweo ni usiku. Taa za zamani zenye balbu za gesi zikiwashwa wakati wa mapumziko huchukua dakika kadhaa kufikia nguvu zake, na mwanga wake ukichanganyika na wa jioni, mpira mweupe unapoteza kivuli. Kivuli ndicho kinachomwambia kipa mpira uko juu kiasi gani. Na katikati ya hayo yote, adhana ya Magharibi. Swala hiyo ina muda mfupi kuliko zote, na saa 11 inaibana katikati ya kipindi cha pili. Shabiki anayeswali ana uchaguzi wa kuondoka dakika ya 60 au kutokuja kabisa. Mchezo wa saa 10:00 huisha kama saa 11:55, Magharibi inamkuta ametoka nje. Mchezo wa saa 1:15 usiku unamkuta ameshaswali.

Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ya Mei 8, 2021 inabaki kuwa darasa. Ilipangwa saa 11 jioni, siku hiyohiyo ikasogezwa saa 1 usiku, Yanga ikashikilia kanuni inayotaka taarifa ya saa 24 kabla, ikafika kwa saa ya awali na kuondoka, na mpira haukupigwa. Ulichezwa Julai 3, Yanga ikashinda 1-0. Mjadala wote ulikuwa wa kanuni na nani aliagiza nini. Hatutaufufua. Lakini angalieni kalenda: Mei 8 ya mwaka ule ilikuwa ndani ya Ramadhani, na jua lilizama Dar saa 12:13 au hapo jirani. Yaani saa ya awali ingewakuta waliofunga, uwanjani na majukwaani, wakifuturu dakika 10 baada ya kipindi cha pili kuanza. Kosa lilikuwemo tangu siku ratiba ilipochapwa, na siku hiyo kulikuwa na muda wa kutosha kulirekebisha kwa kalamu.

Kwa Ramadhani pendekezo letu ni rahisi: hakuna mchezo unaoanza kati ya saa 9 alasiri na saa 2:30 usiku. Mchezaji aliyefunga anafika saa 10 jioni akiwa na zaidi ya saa 10 bila tone la maji. Akicheza saa 3 usiku, amepata futari nyepesi, maji kidogo kidogo kwa saa mbili, na chakula cha uzito baada ya mechi.

Usiku, basi, ndio wenye nafuu? Kwa mchezo wenyewe, ndiyo, hasa Novemba hadi Machi. Joto la mwili wa binadamu hupanda mchana kutwa na kufika kileleni jioni kuelekea saa 1 usiku. Misuli hutoa nguvu zaidi saa hizo kuliko asubuhi. Umande unaoshuka hufanya mpira uteleze kwa kasi. Na taa zenyewe huongeza shangwe: uwanja unang'aa, jukwaa liko gizani kidogo, macho hayana pa kuzurura. Michuano ya CHAN ilipofunguliwa kwa Mkapa Agosti 2, 2025, Tanzania na Burkina Faso walianza saa 2 usiku, na kila aliyetazama aliona tofauti ya picha ya runinga. Mchana mpiga picha ana tatizo ambalo hana dawa nalo. Ukingo wa paa ulio mita 25 juu hutupa kivuli cha mita 38 jua likiwa nyuzi 33, na uwanja una upana wa mita 68. Nusu jua, nusu kivuli. Akifungua lenzi kwa kivuli, upande wa pili unaungua kuwa mweupe. Akifunga, winga wa upande wa kivuli anapotea.

Ila usiku una mambo matatu yanayouharibu, na yote yako mikononi mwenu.

La kwanza ni umeme. Balbu ya gesi ikikatikiwa umeme hata kwa sekunde moja inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe: dakika 10 hadi 20. Kwa hiyo meneja anayejivunia jenereta linalojiwasha ndani ya sekunde 15 hajatatua kitu. Jenereta limewaka, taa bado. Suluhisho ni kugawa kila mnara nusu kwa nusu tangu mwanzo, nusu kwenye gridi na nusu kwenye jenereta linalonguruma kuanzia saa moja kabla ya mchezo. Upande mmoja ukianguka, uwanja unabaki na mwanga wa kuwaweka watu watulivu. Jenereta la kVA 500 likibeba mzigo kamili hunywa lita 100 hivi za dizeli kwa saa, na taa hukaa saa 4 ukihesabu kabla na baada, kwa hiyo kwa nusu ya mzigo wekeni bajeti ya lita 200 na akiba juu yake. Taa za LED hurudi papo hapo. Anayezinunua sasa asisahau betri ya kushikilia zile sekunde 15. Na mwanga upimwe uwanja mzima, kila mita 10, siyo katikati peke yake. Kona ndizo zenye giza, na kona ndiko mabao yanakoanzia.

La pili ni mlango. Kwa makadirio ya kiusalama, mlango wa kuzunguka hupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa. Milango 40 ikifanya kazi bila hata mashine moja ya kadi kugoma, ni watu 26,400. Siku ya kazi wafanyakazi wa serikali hutoka saa 9:30, wa kampuni binafsi saa 11, kisha wanakutana wote kwenye foleni ya barabara za Mandela, Nyerere au Kilwa. Wanafika saa 12:30. Mpira ukianza saa 1:00, kwa mchezo unaotarajia watu 40,000 hesabu haifiki, na bao la dakika ya 5 linasikika kutoka barabarani. Robo saa inasaidia: saa 1:15 badala ya 1:00, na milango yote, narudia yote, iwe wazi kuanzia saa 9 alasiri, na mchezo wa vijana au wanawake uchezwe kwanza ili aliyewahi apate sababu ya kuwahi.

La tatu ni kurudi nyumbani, na hapa ndipo usiku unapowapoteza akina mama, watoto na wazee. Mchezo wa saa 1:15 huisha saa 3:10, uwanja unakuwa mtupu saa 3:45. Wa saa 3:00 usiku huisha saa 4:55, na mkazi wa Kibamba, Bunju au Chanika hafiki kwake kabla ya saa 7. Bodaboda inapanda bei, daladala zimepungua, kesho mtoto ana shule. Angalieni majukwaa ya saa 3 usiku siku ya Jumatano: watu wanaanza kunyanyuka dakika ya 70, na dakika za lala salama, ambazo ndizo kilele cha mchezo, zinachezwa mbele ya migongo. Kabla ya kuidhinisha mchezo wa kuanza baada ya saa 1:15 nje ya Ramadhani, pawe na karatasi iliyosainiwa na wasafirishaji ikitaja mabasi mangapi, njia zipi, na hadi saa ngapi. Bila karatasi hiyo, mchezo ushuke.

Kuhusu runinga hatuna maneno mengi. Mkataba wa haki za matangazo wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ndio unaolipa mishahara ya vilabu vingi, na mrushaji anataka mechi zifuatane zisigongane. Ana haki. Ila anapopanga akumbuke na vibanda umiza. Jumamosi, mechi za saa 9 alasiri za Uingereza huanza kwetu saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi, kwa kuwa wao husogeza saa zao. Kwa hiyo kwa miezi hiyo mitano mchezo wa saa 10 huisha dakika 5 kabla ya wao kuanza, na mtu anaona vyote viwili. Agosti na Septemba mchezo huohuo unagongana nao. Saa 11? Inagongana nao mwaka mzima.

Tusiwasahau walio nje ya viwanja vya Mkapa na Chamazi. Kwenye ndondo na ligi za wilaya hakuna taa. Mchezo wa mtoano wenye dakika 30 za nyongeza na matuta huchukua saa 2 na dakika 45. Ukianza saa 10:15, matuta yanamalizika saa 1 usiku, kwa mwanga wa simu na pikipiki, na hapo ndipo ugomvi wa kila mwaka unapoanza: mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Kwa viwanja hivyo kanuni iandikwe kwamba hakuna dakika za nyongeza, ni matuta moja kwa moja. Muda unashuka hadi saa 2 na dakika 8. Mchezo wa saa 10:00 unaisha saa 12:08, jua bado lipo hata Mei. Waandaaji wa mbio za barabarani nao wanaosubiri viongozi wafike ili wapulize saa 1 asubuhi: jua la Novemba linachomoza saa 11:55. Mkimbiaji wa mwisho wa kilomita 21 anamaliza saa 4. Anzeni saa 11:30 alfajiri, viongozi wawakute watu kwenye utepe wa kumalizia.

Mabadiliko tunayoomba kwenye kanuni ni machache. Mwisho wa wiki, Juni hadi Septemba, saa 10:00 jioni. Novemba hadi Machi, saa 1:15 usiku kwenye viwanja vyenye taa zilizopimwa. Aprili, Mei na Oktoba, mwenyeji achague kati ya hizo mbili tu. Saa ikishatangazwa isiguswe ndani ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya usalama au hali ya hewa iliyoandikwa na kusainiwa. Saa 24 zinamtosha nahodha, hazimtoshi shabiki wa Morogoro aliyekwishakata tiketi ya treni ya SGR ya kurudi. Mgeni apewe uwanja siku moja kabla kwa saa ileile ya mchezo, kwa taa zilezile. Na tiketi iandike saa kwa njia zote mbili, "saa 1:15 usiku, 19:15", kwa kuwa bado wapo wanaofika saa 10 jioni kwa tiketi iliyoandikwa 10:00 na mchezo wa watoto ulikwisha asubuhi.

AFCON ya 2027 inakuja na wageni ambao hawatatusubiri tutafute ufunguo wa chumba cha jenereta. Tunaomba jaribio la kuzima umeme lifanyike kwenye kila uwanja wenye taa kabla ratiba ijayo haijatangazwa: usiku, taa zikiwa zimewaka kwa saa nzima, swichi kuu ishushwe bila fundi wa zamu kuambiwa ni dakika gani, na saa ya kupimia ishikwe na mtu asiyelipwa na uwanja huo.

Wenu katika michezo,
Watu wa pembeni ya mstari, Dar es Salaam